Uyoga wa Kitanda cha Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Ajabu! Pale uani nilipochoma kitanda cha Bibi (mchwa walikimaliza, mke wangu akasema ama kitoke ama atoke yeye) pameota vikombe vidogo vya rangi ya chungwa. Uyoga! Nimeutazama kwa lenzi yangu ya kutengenezea saa. Ukingo mweupe, una vijimeno. Bibi, aliyenilea, alinionyesha vikombe kama hivi nyuma ya jiko lake nikiwa na miaka sita. Ukivipulizia vinatoa moshi. Alisema vinapumua. Nimelia kidogo pale kwenye majivu. Kaburi lake halina hata kibao, maskini. Basi nimeamua: huu ni uyoga mpya, na utaitwa kwa jina lake.

Jumanne, 5 Machi
Nimemweleza Shemeji, mwalimu wa biolojia, mwenye ufunguo wa hadubini ya shule. Eti unajulikana tangu zamani, unaota popote palipoungua. Wivu mtupu! Ila amesema nimpelekee vilivyokomaa, nisivitikise. Uhakika uko kwenye vijimbegu vyake, vidogo kuliko vumbi, ndivyo vinavyotoka kama moshi.

Jumatano, 6 Machi
Nimevibeba ndani ya kasha la saa. Njiani nikafungua, kuhakikisha tu. Nikapuliza, mara moja. Moshi ule ule! Nikamwona Bibi amechuchumaa na fagio lake, anacheka. Nikapuliza tena. Na tena. Kwenye hadubini: hakuna kitu. Shemeji akauliza nimevifanya nini. Nikasingizia mashimo ya barabarani.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji amekuja mwenyewe, akachuma kimoja, akapima. Ni ule ule wa kawaida. Nimekosa raha. Akanihurumia, akasema utawekwa kwenye kabati la shule, na kwenye kibandiko pana nafasi ya aliyeutambulisha kwetu. Niandike jina la Bibi.
Nikashika kalamu. Mimi nilimwita Bibi. Shangazi alimwita Mama. Majirani, Mama Mkubwa. Wote wameshatangulia. Nikaandika: Bibi. Shemeji akasema hilo si jina. Hana adabu.

Jumamosi, 9 Machi
Sijalala, lakini suluhisho nimelipata! Kosa lilikuwa la kitanda, mbao za ovyo. Limebaki sanduku la Bibi, mbao ngumu, limejaa vyeti na barua zake za zamani. Litawaka vizuri sana. Hapo lazima uote uyoga mpya kabisa. Hilo jina tutalitafuta baadaye.
Mke ananiita. Sijui nani amehamisha kiberiti.