Mgeni Mpya, Majani Mapya

Ukimsikiliza Pi-yun, muuza tambi wa mtaa wetu, yule muuza chai alitoka dukani kwa Bosi Teng mbio, birika la maji ya moto likimfuata hewani, na kiatu kimoja akakiacha mlangoni. Pi-yun husimulia hivyo huku anakatakata vitunguu vya majani, na kadiri siku zinavyokwenda birika linazidi kuruka mbali. Juzi limevuka barabara. Tunamwacha aseme, maana tambi zake ni tamu. Lakini hakuna birika lililoruka. Bosi Teng hawezi kurusha birika alilolinunua mwenyewe. Kilichotokea pale kilikuwa adabu tupu, adabu nyingi kuliko alivyoweza kuistahimili yule kijana, na Pi-yun alikuwepo, kikombe mkononi, anakunywa vya bure.

Kijana jina lake Shun-fa. Alikuwa na shati lililonyooka kwa pasi, sauti laini, na gari jeupe ambalo buti lake lilijaa mifuko ya chai. Kila mfuko ulichorwa mlima na mawingu. Mlima ulikuwa wa karatasi tu. Chai yenyewe ilikulia bondeni, nchi ya watu, ikakatwa kwa mashine, ikaja kwa meli imelala maguniani, na maisha yake yote haikuwahi kukutana na wingu.

Ila mfuko mmoja ulikuwa wa kweli. Huo alikaa nao kifuani, ndani ya koti. Ilikuwa chai ya oolong ya mlima mrefu, mavuno ya majira ya baridi, kutoka shamba la mama mmoja mjane huko juu mlimani Lishan, ambako ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi. Mama yule hawauzii wachuuzi. Shun-fa aliupata mfuko kwa kumbebea vikapu msimu mzima wa kuchuma, mpaka mabega yakachubuka, na hilo ndilo jasho pekee la halali lililowahi kumtoka tangu azaliwe. Baadaye mama akasikia chai yake inafanyiwa nini, akatuma salamu: kijana akirudi, atafunguliwa mbwa.

Na ilikuwa inafanyiwa nini? Mteja anaonjeshwa ya kifuani, anauziwa ya kwenye buti. Basi. Chambo kidogo, samaki mkubwa. Mfuko ule ukiisha, Shun-fa naye ameisha.

Alasiri hiyo Sikukuu ya Mwezi ilikuwa inakaribia, na mji wetu wote wa Chiayi ulikuwa unatafuta zawadi ya kumpelekea mtu wa juu yake. Shun-fa alikuwa anapita polepole na gari, kioo kimeshushwa, aliposikia sauti kutoka duka la vipuri vya pikipiki.

"Mimi chai siuziwi!" sauti ilikuwa inasema. "Mimi nikinusa tu, nakwambia mlima gani, upande gani wa mlima, na mchumaji siku hiyo alikuwa amenuna au anacheka!"

Shun-fa akakanyaga breki. Mtu anayepiga kelele kwamba haibiwi amekwisha kuacha mlango wazi. Akachungulia. Meza ya chai ilikuwa mbele ya duka, kama ilivyo kwa kila mwenye duka anayejiheshimu. Juu yake kulikuwa na buli la udongo wa zambarau, la bei ya kutisha, na ndani ya buli makombo ya chai ambayo hata kuku angeyaparua na kuyaacha. Nyuma ya buli alikaa Bosi Teng, tumbo mbele, anamhubiria mteja aliyekuja kununua plagi.

"Samahani, Bosi," Shun-fa akasema, mikono miwili imeshikana kwa heshima. "Nimepotea. Nimetumwa na mzigo kwa bingwa mmoja wa chai wa mtaa huu."

"Bingwa gani?"

"Jina sikupewa. Nimeambiwa tu ana sauti nzito na buli la udongo wa zambarau."

Bosi Teng akalitazama buli lake. Akakohoa ili sauti izidi kuwa nzito.

"Keti," akasema. "Huenda umefika."

Kwenye kistuli kando ya matairi alikuwa amekaa Bibi A-chu, mama mzazi wa Bosi Teng, anabangua mbegu za tikiti kwa meno, macho nusu yamefumba. Wachuuzi humdhania amelala. Tangu mwanawe ashike duka, bibi huyu amekuwa akinyweshwa vumbi la chai kwenye buli la kitajiri, na hajawahi kulalamika. Ananywa, anamtazama mwanawe, anabangua mbegu nyingine.

Shun-fa akatoa mfuko wa kifuani. Akadondosha bulini majani yaliyojiviringisha kama vijiwe vya kijani, akayamwagia maji yanayotokota, maji ya kwanza akayamwaga kuyaosha, akatia ya pili na kungoja. Kisha akajaza vile vikombe virefu vyembamba vya kunusia, akavifunika kwa vikombe vya kunywea, akapindua vyote kwa mkupuo bila kumwaga hata tone. Hapo lazima tumpe haki yake, mikono ya kijana ilikuwa inajua kazi. Harufu ikapanda, maua na maziwa mabichi, ikafunika mafuta ya injini.

Bosi Teng akanusa mpaka pua ikaingia kikombeni.

"Mlima Alishan," akatoa hukumu. "Upande wa mashariki. Mchumaji alikuwa anacheka."

"Bosi, unanitisha," akasema Shun-fa, mtu wa chai ya Lishan.

Bibi A-chu naye alipewa kikombe. Akanywa. Utamu ukashuka kooni, ukageuka, ukarudi juu kwenye ulimi. Bibi akafungua macho yote mawili. Akamwona Shun-fa anaukunja mfuko na kuurudisha kifuani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa. Akaliangalia gari jeupe lililoachwa juani. Akarudia mbegu zake.

Bosi Teng alikuwa na haja yake. Alikuwa anautaka ujumbe kwenye kamati ya hekalu, na ujumbe hauji bila zawadi nzuri kwa wazee wa kamati. Alitaka chai ya mlimani kwa bei ya bondeni. Akainama, akanong'ona bei.

"Bosi, kwa bei hiyo nitalia," akasema Shun-fa.

"Lia, ila punguza."

Shun-fa akatoa chozi moja lililofunzwa kazi. Akapunguza. Bosi Teng akasema atachukua buti lote. Mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni aliposikia mama yake anaita barabarani kwa sauti ambayo mtaa haujaisikia siku nyingi.

"Pi-yun! We Pi-yun! Achana na hivyo vitunguu, njoo unywe chai ya maana!"

Pi-yun hakuitwa mara ya pili. Akaja anajifuta mikono, akavuta kiti. Bosi Teng akautoa mkono mfukoni, maana pesa hazihesabiwi mbele ya mtu ambaye hajatiliwa kikombe. Na kwetu mgeni mpya akikaa mezani, majani yaliyokwisha kunywewa hutolewa, yanatiwa mapya. Kumpa mtu chai ya majani ya wenzake ni kumwambia amekuja kula makombo. Hata waliokosana hawafanyiani hivyo.

"Majani haya ndiyo kwanza yamefunguka, bibi," Shun-fa akajaribu. "Yanastahimili maji mengi bado."

"Ni kweli kabisa," akasema Bibi A-chu. Akayakomba kwenye buli kwa kijiti cha mianzi, akayatia kwenye bakuli, bakuli akalisukuma chini ya kistuli chake. "Haya tutajinywea wenyeji. Mgeni mtilie mapya."

Shun-fa akatia kidogo.

"Kijana, hiyo chai au dawa ya macho? Au Pi-yun si mtu?"

"Eti mimi si mtu?" akauliza Pi-yun, mikono kiunoni.

Shun-fa akaongeza. Pi-yun akanywa, akasema roho yake imepanda mlima na haitaki kushuka. Bosi Teng akamweleza upande gani wa mlima. Shun-fa akacheka na kila mtu, akamgeukia Bosi. "Basi, Bosi, ule mzigo wetu..."

"Liang!" akaita Bibi A-chu. "Kinyozi! Njoo, na huyo mteja wako aje!"

Kinyozi akaja na mkasi mkononi. Mteja akaja na nusu ya kichwa imenyolewa. Majani yakamwagwa, mapya yakatiwa, bakuli likaenda chini ya kistuli na kurudi. Na anayetilia wenzake lazima anywe nao. Shun-fa hakuwa amekula tangu asubuhi. Chai ile haina masihara na tumbo tupu. Vidole vikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka chini ya pua, moyo ukampiga kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Kijana anatetemeka," akasema kinyozi.

"Ni furaha," akasema Shun-fa.

"Mama, inatosha basi," akasema Bosi Teng, lakini midomo tu ndiyo iliyosema. Lini tena angepata kadamnasi ya kuisomesha chai?

"Unataka watu waseme Teng ana chai nzuri na anakunywa peke yake, kamlango kamefungwa?" mama akauliza. Akawaita mafundi waliokuwa wanatengeneza mfereji. Wakaja na tope lao. Shun-fa akawatilia. Kila alipoingiza mkono kifuani, mfuko ulikuwa mwembamba zaidi, na yeye akawa anaukunjua kwa uchungu wa mtu anayevuliwa ngozi, huku meno yote yako nje kwa tabasamu.

Kisha kwenye kona ya mtaa akatokea Mzee Kang, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, anatembea zake na fimbo.

"Mzee Kang!" akaita Bibi A-chu. "Mwanangu amekuandalia chai!"

Bosi Teng akasimama hadi kiti kikaanguka. Mzee akakaa. Buli likamwagwa. Shun-fa akaupindua mfuko wa kifuani, akaukung'uta. Kijiwe kimoja cha kijani kikadondoka mezani, kikabingirika, kikasimama mbele ya mzee. Watu wote wakakitazama.

"Imeisha," akasema Shun-fa kwa sauti ya msibani.

"Imeishaje?" Bosi Teng akashangaa. "Na mzigo ulio kwenye gari? Si ni ileile?"

"Ni ileile, Bosi. Ila... imetoka safari. Chai ikisafiri huchoka. Yafaa ilale kwanza."

"Mimi mwenyewe nimetoka safari," akasema Mzee Kang kwa upole. "Itanielewa."

Bibi A-chu alikuwa ameshafungua buti.

Shun-fa akaipika. Aliipika kwa ustadi wake wote, masikini, kama mtu anayemvika punda suti ya harusi. Harufu haikupanda. Maji yakageuka rangi ya maji aliyooshea Pi-yun sufuria. Mzee Kang akanywa. Watu wakangoja.

"Maji," akasema mzee mwishowe, "ni ya moto vizuri."

Kwetu hakuna tusi zaidi ya hilo.

"Na kikombe kimekaa vizuri mkononi," akaongeza kinyozi.

"Meza imara," wakasema mafundi wa mfereji.

Pi-yun akatafuta cha kusifu, akakosa, akasifu jua.

Bosi Teng alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Zawadi ya kumwingiza kwenye kamati alikuwa karibu kuinunua, na mwenyekiti wa kamati ameionja. Tukasema sasa atapasuka. Badala yake akaegemea, akacheka.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa namwacha tu nione atafika wapi."

"Ndiyo, Bosi," akasema Shun-fa, na ndilo neno pekee la huruma lililosemwa siku ile. Akainamia kila mtu, akachukua koti lake jepesi, akatoka na viatu vyote viwili.

Mgeni husindikizwa, hata awe nani. Bibi A-chu akamfuata hadi garini. Shun-fa akaegemea mlango.

"Bibi, ulijua lini?"

"Mfuko mmoja umelazwa kifuani, mingine inachomwa na jua. Nani asiyejua?"

"Kwa nini basi hukumwambia mwanao?"

"Ningemwambia, angenunua yote ili anionyeshe kwamba sijui. Halafu ile nzuri ningeinywa lini?"

Shun-fa akageuka, akalitazama duka. Mtaa mzima ulikuwa bado umekaa mezani, umeshiba chai yake ya msimu mzima wa kubeba vikapu, na hakuna hata mmoja aliyemnyooshea kidole yule mwanamke mwembamba mwenye maganda ya mbegu kwenye sketi. Akamtazama tena. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kumtazama mtu kwa heshima ya namna ile.

"Bibi A-chu," akasema polepole, sauti yake ikiwa haina siagi hata kidogo. "Mimi na wewe, tukiingia mji mmoja baada ya mwingine... wewe huna haja ya kusema neno. Unakaa tu kwenye kistuli. Kistuli nitakubebea mwenyewe. Kiti cha mbele kinalala, miguu haitakuuma. Njoo tufanye kazi pamoja, bibi. Nakuomba."

Kutoka dukani Bosi Teng akaita, "Mama! Maji yameisha!"

Bibi A-chu aliinama kidogo, akachungulia kiti cha mbele, akakibonyeza kwa kiganja, kama mtu anayepima tikiti sokoni, na Shun-fa akasimama pale ameushikilia mlango wazi.