Wanafunzi Wapunguziwe Ujuzi, Uso Wangu Urudi

Kambi ya Wakata Miwa,
Nje ya Butere,
Kakamega.

Kwa Mwalimu wa Somo la Filamu,

Mwalimu mheshimiwa,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na umekaa. Mimi ni Kibet, mkata miwa, kwetu ni upande wa Baringo. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mahali unisahihishe kama unavyosahihisha wanafunzi wako, ila usinipe alama.

Hao wanafunzi wako ndio wamenifanya niandike. Walikuja watatu kwenye shamba ninakofanya kazi ili watengeneze mwanzo wa filamu ya kutisha. Mwanzo tu, walisema: msichana anapita kando ya miwa, kitu kinatoka, basi. Mitchel ndiye anayeelekeza, Andati anashika kamera na kunasa sauti, Dinah ndiye anayetishwa. Kitu chenyewe kilikuwa gunia lililochorwa macho, limevikwa juu ya mti. Kila lilipotoka, Dinah alicheka. Sasa siku hiyo tulikuwa tumechoma miwa ndipo tukate, nami nilikuwa mweusi kwa masizi kutoka kichwani hadi miguuni. Nikatoka ndani na panga langu, naenda kunywa maji. Dinah alikimbia hadi barabarani. Mitchel akanijia polepole akasema, "Mzee, tafadhali, usinawe." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwigizaji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikupakwa chochote. Gunia lilipakwa rangi. Nilipoomba nami nipakwe kidogo, Mitchel alinitazama vizuri, akasema, "Mzee, hapo ukiongeza kitu utaharibu." Hadi leo natafuta sifa ndani ya maneno hayo.

2. Siku ya kwanza walikuwa hawajui kazi, na mimi nilifurahi sana. Kamera ilinichukua kuanzia kofia hadi gambuti zangu za mpira, mchana kweupe. Nilisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilitabasamu kidogo. Walipoitazama walisema haitishi, eti naonekana kama mtu anayesubiri chai. Mimi niliiona ni nzuri.

Shida, Mwalimu, ni kwamba wanajifunza. Waliporudi walisema umewaambia kuwa mtazamaji akioneshwa kila kitu haogopi. Wakaniondoa kichwa. Safari iliyofuata wakaniondoa mikono, nikabaki gambuti. Wakaenda, wakafikiri, wakaja kuchukua na gambuti. Sasa filamu imekwisha na mimi nimo kama sauti peke yake: miwa inatikisika, panga linagonga, mtu anakohoa, Dinah anageuka, giza. Wakiendelea kuboreka hivi, muhula ujao nitakuwa sijazaliwa.

3. Hata hiyo sauti wameiharibu. Sisi tukitoka kwenye miwa iliyosimama, tunagonga shina mara mbili kwa ubapa wa panga, halafu tunakohoa, ili mwenzako ajue ni mtu anakuja na asikukate kwa hofu. Maana yake ni: usiogope, ni mimi. Nimefanya hivyo miaka mingi hadi nikiwa nyumbani kwangu nagonga mlango vilevile na kukohoa kabla ya kuingia. Wanafunzi wako wamechukua sauti ya kutuliza watu wakaifanya ndiyo ya kuwatisha. Sasa Makhanu, anayekata mstari ulio kando ya wangu, nikigonga tu ananiambia, "Wewe jini, uwe unakohoanga mapema, tukimbie tufike kwa chai kabla haijaisha."

4. Hili ndilo kubwa. Ningeliweka mbele, ila niliona haya. Nina binti wa miaka minne, Jerop. Kazi hii inanirudisha nyumbani Krismasi tu. Krismasi iliyopita aliniona, akajificha nyuma ya mama yake, akauliza, "Huyu mgeni ataenda lini?" Tulipoanza kuzoeana, nikaenda kweli. Kwa hiyo nilipoingia kwenye filamu nilimpigia mke wangu simu nikajigamba: mtoto atauona uso wangu kila siku, auzoee kabla ya Desemba. Sasa nimwoneshe nini? Miwa?

Ninachoomba ni kidogo. Wanafunzi wapunguziwe ujuzi, wawe kama walivyokuwa siku ya kwanza. Kama wewe ndiye uliyewafundisha, nadhani unajua pa kupitia ili uwafundishe kurudi nyuma. Ikishindikana, wape alama mbaya ili walazimike kuifanya upya, na uso wangu wauweke katikati. Siwanyimi haki yao: Mitchel siku hizi hapigi kelele kamera ikinasa, na kiatu cha Andati hakionekani tena kwenye picha. Lakini hayo yote wamejifunzia kwenye mwili wangu, nao umeisha.

Nisalimie walimu wenzako, mpishi wa chuo, na mlinzi wa lango aliyenifukuza nilipokuja kukutafuta. Mwambie simlaumu. Yeye uso aliuona mzima.

Ni mimi, niliyewahi kuonekana,
Kibet

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha mke wangu alipopiga simu. Kumbe Mitchel alinihurumia, akamtumia kwa simu filamu zote mbili, ya kwanza na ya mwisho. Alipooneshwa ile ya kwanza, yenye uso wangu na lile tabasamu, Jerop alilia akaingia chini ya meza, akakataa kutoka. Mama yake akaweka ile nyingine. Miwa ikatikisika, panga likagonga mara mbili, nikakohoa. Anasema mtoto alinyamaza, akatoka chini ya meza, akaenda kufungua mlango. Alisimama pale muda mrefu akitazama njia.

Mwalimu, wape alama zote. Na uso wangu, waambie wakae nao.