Chanzo Kisichothibitishwa

Kwa heshima na taadhima, Taasisi ya Utafiti wa Nchi za Ng'ambo ya Milima iliutangazia umma kwamba imetimiza miaka kumi na miwili bila mtafiti wake hata mmoja kuvuka milima hiyo. Huo, ilisema, ni ushahidi tosha wa kutoegemea upande wowote.

Mama Birika, mpika chai wa Taasisi, alilisoma tangazo ubaoni, akaguna. Yeye alizaliwa huko ng'ambo. Alikuja huku kuolewa, mume akafariki, na kwa miaka tisa lugha ya mama yake aliizungumza na masufuria tu. Aliposikia wageni wa kwao wanakuja kujadili ushirikiano na Taasisi, moyo ulimruka.

Kamati ikakaa. Ikaamua kwamba Mama Birika ni "chanzo cha msingi kisichothibitishwa", hivyo asikanyage ukumbini, asije akaathiri matokeo.

"Lakini ni watu wa kwetu, baba," alimlalamikia Mkurugenzi.

"Ndiyo hatari yenyewe, mama. Wewe baki jikoni. Lugha yao naimudu vizuri."

Wageni watano wakaketi, mzee wao mbele. Mkurugenzi akakohoa, akaunguruma sentensi ndefu ya King'ambo. Mzee akajipapasa kifua, kama anayehakikisha moyo bado unapiga. Mkurugenzi akarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

Jikoni, uzalendo ukamshinda Mama Birika. Akaingia ukumbini na aproni yake.

"Tusameheni, wazee wangu," akasema kwa lugha yao. "Alitaka kuwakaribisha. Amewapa pole kwa kifo cha mzee huyu."

Wageni wakaangua kicheko, marehemu akiwashinda wote. Kisha akamuuliza ni binti wa nani. Alipomtaja baba yake, mzee aliinuka akamshika mikono yote miwili. Mama Birika akalia kama mtoto, huku maprofesa saba wa Taasisi wakiandika upesi: "Chanzo kinalia. Sababu haijulikani."

Mkataba wa ushirikiano ulitiwa saini siku hiyo hiyo, kwa sharti moja: watafiti wote wafundishwe lugha, na mwalimu awe Mama Birika.

Mtihani wa kwanza, Mkurugenzi alipata tatu kwa hamsini. Akaunda kamati ichunguze kama lugha yenyewe ilikuwa sahihi. Baada ya mwezi kamati ilileta ripoti ya mstari mmoja, kwa King'ambo safi. Mkurugenzi aliigeuza juu chini, chini juu, mwishowe akabisha hodi kwa mwalimu.

"Wanasemaje, mama?"

Mama Birika akavaa miwani.

"Wanasema urudie darasa, baba."