Udongo Ambao Haujaoshwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mke wangu ametoa hukumu juu ya kona ya dirishani. Hapo lipo tangi langu la kioo, nililonunua ili nioteshe mimea ya majini, na ambalo mpaka leo linatunza soksi na vitunguu. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Yeye na bintiye wamepata kazi ya kushona sare za shule, na cherehani inataka mwanga. Nikasema hata mimi nataka mwanga. Akasema sawa, ikifika Jumamosi aone humo maji maangavu na majani mabichi, la sivyo tangi linakwenda uvunguni.

Uvunguni! Dirisha lile ndilo kitu pekee katika nyumba hii kinachonitazama bila kunituma dukani.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi wa friji. Kwake ana tangi lenye majani yaliyotanda chini kama zulia. Wageni wakifika pale hunyamaza wakitazama. Wakifika kwangu huuliza kama tunahama.

Kaniletea mfuko wa udongo mweusi, maalumu kwa mimea ya majini. Bure. Nani siku hizi anatoa kitu bure? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dawa. Udongo huu natandaza chini kabisa, mbele kidogo, nyuma mwingi, na nisiuoshe hata kidogo. Juu yake naweka mchanga, na mchanga ndio unaooshwa mpaka utoe maji safi. Halafu naweka kisahani, namiminia maji juu ya kisahani hicho, polepole.

Nikaitikia kila neno. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anayekuambia uweke uchafu ndani ya maji bila kuuosha ana lake jambo. Alipotoka tu nikaumwaga wote kwenye beseni la jikoni nikausugua kama sufuria iliyoungua. Kila nilipoosha ulizidi kuwa tope, na tope likazidi kwenda na maji. Mwishowe beseni likang'aa kabisa. Halikuwa na kitu.

Bomba la sinki nalo likaziba. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza kwa nini bomba lake linatapika tope. Nikamwambia pengine ni mvua. Akatazama nje, jua linawaka, akateremka.

Jumatano, 5 Machi

Nimwombe shemeji udongo mwingine? Bora nihamie uvunguni mimi mwenyewe.

Mwalimu ana vyungu vya maua kwenye ngazi. Udongo wake umenona kwa samadi, na hauna mlinzi. Nikauchota. Vyungu visije vikaonekana vitupu, nikavijaza chini vipande vya karatasi kutoka kazini. Nafanya kazi kwa mchapishaji wa kadi za harusi, na huko mabaki ya karatasi hayakosekani. Juu nikafunika kwa udongo kiduchu, nikasimamisha maua. Kazi nadhifu. Mgongo wote unauma.

Udongo huo sikuuosha kwa sababu sinki bado limeziba. Jambo hilo linanikera mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mchanga nimeomba kwa wajenzi wa nyumba ya jirani. Shemeji alisema uoshwe, kwa hiyo sikuuosha. Kisahani nacho nikakiacha kabatini, maana tangi si mgeni wa kunyweshwa chai. Nikamimina ndoo nzima kwa mkupuo.

Mchanga ukachimbika. Samadi ikapanda juu. Majani niliyonunua yakaelea, mizizi ikitazama dari. Maji yakawa rangi ya uji wa wimbi. Nikamwambia mke wangu yatatulia tu. Akasema hivyo hivyo ndivyo alivyofikiri juu yangu tulipooana.

Ijumaa, 7 Machi

Hayajatulia. Sasa yananuka. Nikichokoza udongo kwa kijiti unatoa mapovu yenye harufu ya yai viza.

Halafu mwalimu akabisha hodi. Maua yake yamelala yote, na alipoyamwagilia vyungu vikaanza kutoa karatasi. Alikuwa ameshika moja yenye maandishi ya dhahabu, "tunayo furaha kukualika". Akamuuliza mke wangu, kwa upole mkubwa, ni nani anaoa. Mke wangu aligeuka. Alinitazama mimi. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu, lakini nilikuwa nimechoka mno, nilitaka tu kukaa chini.

Bado nina njia moja. Kazini nimechapa picha kubwa ya rangi, bustani nzima ya majini. Nimeibandika kwa ndani, kwenye kioo cha mbele. Ukisimama mlangoni huwezi kujua. Penye nia pana njia!

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe aliingia, akasimama mlangoni, akasema mashallah. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kama angebaki pale mlangoni mambo yangekuwa mazuri kabisa. Lakini alitaka kuwaona samaki. Akasogea, akainama, akagonga kioo kwa kidole. Picha ilikuwa imeloa tangu jana. Ikavuliwa na maji taratibu, ikateremka kama pazia, na nyuma yake uji ukajitokeza.

Akauliza kama ile ni dawa ya ng'ombe.

Mke wangu alikuwa ameshashika cherehani. Ndipo shemeji, aliyemsindikiza mama yake, akasema wampe yeye siku ya kesho tu alitengeneze, sare zenyewe hazianzi kushonwa kabla ya vitambaa kununuliwa. Hakucheka. Angecheka ningeweza kumchukia vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja na mfuko mwingine. Tukamwaga uji wote, mimi nikibeba ndoo, yeye akisugua kioo. Udongo wa mwalimu tukaurudisha kwenye vyungu vyake, na nikaomba radhi. Mwalimu alisema nimepata alama chache lakini nimefanya mtihani. Kisha shemeji akatandaza udongo mpya, mkavu, haujaoshwa, nikitazama kwa macho yangu. Mchanga aliuosha mpaka nikachoka kwa niaba yake. Kisahani. Maji polepole, polepole.

Jioni maji yalikuwa maangavu mpaka ungedhani hayamo. Majani yamesimama. Mama mkwe akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi Mungu kanirudishia guu langu. Mke wangu akavuta kiti, akaketi ubavuni mwangu, akaweka mkono begani kwangu. Akasema kona ni yangu, cherehani itakaa chumbani, watawasha taa. Mradi maji yabaki hivyo hivyo.

Nilifurahi. Naandika waziwazi kwa kuwa haitokei mara nyingi: nilifurahi sana. Nilimwambia shemeji asante, na niliimaanisha.

Jumatatu, 10 Machi

Niko nyumbani peke yangu. Mke wangu na mama yake wamekwenda kununua vitambaa. Mchapishaji kanipumzisha leo, anataka kwanza kujua nani alimaliza wino wa kijani.

Nimekaa mbele ya tangi tangu asubuhi. Maji bado safi. Jani moja limeanza kuchipua. Shemeji ni mtu mwema, nakiri, nilimdhania vibaya.

Lakini ni fundi friji. Pale chini, nyuma ya kioo, nauona ule udongo mweusi, na najua haujaoshwa hata mara moja. Mtu atakaaje kwa raha sebuleni kwake na jambo kama hilo? Tena kosa la Jumanne nimeligundua: nilitumia maji ya baridi.

Birika limechemka. Beseni liko tayari, nimeshakunja mikono ya shati. Wakirudi watakuta kila kitu kinang'aa.