Mlima Chiak na Dakika Kumi za Shemeji

Oktoba 14, Jumatatu

Balaa. Asubuhi Mkurugenzi Bang ametangaza mbele ya kiwanda kizima kwamba safari ya mlima ya mwaka huu ni Chiak, mpaka kileleni, Jumamosi hii. Tukirudi atamtaja mkuu wa idara mpya ya miavuli ya watoto. Tumebaki wawili: mimi na Pyo Sang-guk. Atakayekosa anapelekwa kusimamia ghala letu kisiwani, kule ambako meli inafika upepo ukipenda.

Mkurugenzi anaamini tabia ya mtu huonekana mlimani. Sijui imani hiyo aliitoa wapi. Tabia yangu mimi huonekana vizuri zaidi nikiwa nimekaa.

Mke wangu Myeong-ok kasikiliza yote huku akimenya vitunguu saumu. Kisha kasema kisiwani nitakwenda peke yangu. Binti yetu Ga-ram ana mtihani wa kuingia chuo kikuu mwezi ujao, na yeye hahamishi mtoto kwa ajili ya miavuli. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sitaki kuishi mbali nao. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi kulisema.

Oktoba 15, Jumanne

Kuna tatizo dogo. Mkurugenzi anajua kwamba kila Jumapili napanda mlima. Mke wangu naye anajua hivyo hivyo. Ukweli: kila Jumapili natoka nyumbani nimevaa kamili, kofia, glavu, fimbo mbili, begi mgongoni, koti la kuzuia tufani ya theluji, na naenda bafu la umma mtaa wa pili. Naoga. Nalala kwenye sakafu yao iliyopashwa joto mpaka alasiri. Kabla ya kupanda nyumbani napaka viatu udongo wa bustani ya maua ya jengo letu. Mlima wenyewe nimeuona. Kupitia dirisha.

Ila kwa mavazi, Pyo hanipati hata kidogo. Yeye huja na raba za kukimbilia.

Oktoba 16, Jumatano

Nimepata! Tusipofika kileleni, hakuna atakayeumbuka. Mkurugenzi ana umri wa kustaafu na tumbo la kutosha. Akikata tamaa mapema, sote tunageuka, tunashuka kula chapati za majani ya vitunguu na kunywa pombe ya mchele, na mimi nabaki bingwa wa Jumapili.

Kazi nimempa shemeji Deok-su, mdogo wake Myeong-ok. Ni dereva wa teksi, kiwandani hawamjui. Atangulie alfajiri, apite hekalu la mlimani, asubiri pale ngazi za kwenda kileleni zinapoanza. Akituona ateremke akichechemea. Mkurugenzi lazima atamuuliza kama kilele kiko mbali, maana kila mpandaji huuliza. Naye ajibu: bado sana, mzee, ngazi haziishi, na kuna mtu kazimia huko juu. Malipo: nyama ya nguruwe ya kuchoma. Sharti: dada yake asijue.

Jioni tumefanya mazoezi nyuma ya jengo. Alichechemea vizuri mno, mlinzi akamletea kiti.

Oktoba 19, Jumamosi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mikao mingine imekataa.

Mambo yalianza kuharibika kwenye maegesho ya mabasi. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu. Pyo akainama, akatazama soli yangu, akauliza mbele ya watu imekuwaje mpanda milima wa kila Jumapili soli zake bado mpya. Nikamjibu kwamba mimi hukanyaga kwa wepesi. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Pyo akanywea.

Hekalu tulilipita vizuri. Majani mekundu kila upande, watu wanapiga picha, mimi natafuta pumzi. Tulipofika kwenye ngazi Mkurugenzi alikuwa kaiva kama pilipili, anapangusa shingo, anatazama kule tulikotoka. Nikajua tayari. Neno moja tu la kukatisha tamaa na tunarudi.

Na Deok-su huyo, anateremka, anachechemea. Moyo wangu ulitaka kupiga makofi.

Mkurugenzi akamuuliza, "Kijana, kilele bado mbali?"

Deok-su akamtazama. Jasho lile. Tumbo lile. Nikaona uso wake unalegea.

"Karibu mnafika, mzee wangu. Dakika kumi tu. Jikazeni."

Dakika kumi! Nikamkodolea macho. Akaangalia pembeni, akashuka zake, na kuchechemea kasahau. Baadaye kanieleza kwa simu kwamba maneno yetu alikuwa nayo mdomoni kabisa, lakini mtu akiwa anashuka mlima mdomo hujisemea wenyewe. Siwezi kumlaumu sana. Katika nchi hii hajazaliwa mtu anayeshuka akasema ukweli. Mimi ambaye sijawahi kupanda ningesema vilevile.

Pyo kusikia dakika kumi akatoka mbio. Mkurugenzi akakaza mkanda wa begi. Nikafuata, ningefanyaje?

Mama mmoja aliyekuwa akishuka akatugawia matango na kusema dakika kumi. Wazee wawili wakasema ni hapo tu, nyuma ya mwamba. Nyuma ya mwamba kulikuwa na ngazi. Hata mtawa alisema dakika kumi, na alisema bila kupepesa macho.

Kisha miguu yangu ikaisha. Nikashika begi la Mkurugenzi kwa nyuma nisianguke. Akasema bila kugeuka, "Usinisukume sana, Bwana Mo, nakwenda." Kumbe anadhani namsukuma. Nikalishikilia begi zaidi. Akanivuta hivyo mpaka juu.

Kileleni Pyo alikuwa keshapiga picha kwenye jiwe lenye jina la mlima, keshamaliza kimbap yake, wali wa kuviringishwa kwa mwani, jasho limekauka, anachezesha miguu. Sisi tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika Mkurugenzi akalikumbatia jiwe, nami nikamkumbatia Mkurugenzi, nisimame. Katika picha tunalia wote wawili.

Akaninong'oneza kwamba pale kwenye ngazi alikuwa keshaamua kugeuka. Yule kijana angesema ukweli, asingeongeza hatua hata moja.

Oktoba 21, Jumatatu

Mkurugenzi kasimama, sote tumesimama. Kasema Pyo ana miguu ya ajabu, na ghala lile linataka mtu wa mbio. Halafu kasema Bwana Mo, ambaye angeweza kufika kileleni peke yake na kurudi, kaacha sifa zote akabaki nyuma kumsukuma mzee. Mtu kama huyo ndiye anamtaka karibu naye.

Nilifungua mdomo nisahihishe. Akanishika bega. Nikaufunga.

Nimempigia Myeong-ok. Akasema leo tunakula nyama ya ng'ombe, na nikamsikia anapenga kamasi. Nikaenda kwenye ngazi za dharura nikalia vizuri, nimeshika ukingo. Kwa miguu hii, kushuka nisingeweza hata hivyo. Sihami. Nitakuwa mlangoni Ga-ram akitoka kwenye mtihani. Sijapata kushusha pumzi ndefu kama ya leo.

Pyo kaja kunipongeza. Anasema kisiwani samaki wanavuliwa kutoka mlangoni na yeye miaka yote alikuwa akiomba aende. Ikaniuma kidogo.

Oktoba 23, Jumatano

Habari njema zaidi. Daktari kamkataza Mkurugenzi kupanda mlima wowote, milele, kwa sababu ya magoti. Niliinamisha kichwa mpaka chini, asiuone uso wangu.

Lakini kampuni bila zoezi, anasema, inalegea. Kwa hiyo siku ya mwaka mpya sote tutaingia baharini, kwenye maji ya baridi kali, pwani ya mashariki. Akauliza nani anajua kuogelea. Wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyeniuliza mimi. Hakuna aliyenitazama.

Mkono wangu ukainuka. Nikasema utotoni kijijini waliniita fisi maji. Kijiji chetu kina kisima.

Nimeteuliwa nahodha. Natangulia kuingia, wengine watanifuata. Myeong-ok kauliza tangu lini najua kuogelea, nikamwambia mambo mengine mtu hajisifu. Sioni tatizo. Nimefikiri jioni nzima, na kuogelea ni kutembea tu, ila umelala.