Orodha ya Wageni Wasioalikwa

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo natimiza miezi miwili tangu nitolewe kwenye ngazi za chuo, nilizokuwa nikizipiga deki, na kukabidhiwa Kituo cha Tamaduni. Chumba cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa boila. Mabango ya jamii nne za huku kwetu Serbia, Waserbia, Wahungari, Waslovakia na Warusini, ambao si Warusi. Vitabu mia mbili. Wasomaji wawili, mimi na mwanangu Lenka. Mimi niliishia darasa la nane, Lenka ana miaka mitatu, kwa hiyo tunaangalia picha. Lakini ameshajua kuhesabu hadi kumi kwa Kihungari! Kafundishwa na Mama Piroška wa jikoni. Mtoto wa Kiserbia huyo! Nusura nilie.

Mkuu wa chuo kaja. Kasema kituo kiliwekwa ili walimu wa kesho wazoeane kabla hawajaenda kufundisha watoto wa kila jamii, ila yeye haoni anayezoeana na mwenzake humu. Jumamosi ni siku ya wageni. Asipokuta watu thelathini, na jamii zote nne zimo, chumba anapewa Zlata wa maktaba aweke mashine ya fotokopi. Nami narudi kwenye ngazi. Kule mtoto haruhusiwi.

Nikamwambia watajaa mpaka dirishani. Akaegemea meza, ikayumba. Alipoondoka nikaikingia mguu kwa kitabu kinene, *Mila za Jirani Zetu*. Kimekaa sawasawa. Kumbe vitabu hivi vina faida.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata mbinu!

Kwetu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo haina mwaliko. Unawasha mshumaa, unaacha mlango wazi, watu wanakuja wenyewe. Kumwita mtu ni kumtukana, kana kwamba huamini atakukumbuka. Sasa kama nataka kuwaheshimu jamii zote nne, dawa ni moja. Simwiti mtu.

Nimeandika orodha ya watu thelathini ambao sitawaalika. Jina la kwanza, Mama Piroška. Nimempigia mstari mara mbili.

Jumatano, 9 Oktoba

Zlata anazunguka chuo kizima na kadi za kualika watu maktaba Jumamosi hiyohiyo. Kadi! Zina majina ya watu kwa wino wa zambarau. Anazisukuma hata chini ya milango. Nilimwonea huruma.

Akanisimamisha, akaniita binti, akauliza kama wageni wangu wameshapata kadi au nitawatumia ndoto. Nikamjibu kwamba wageni wangu si ng'ombe, hawaitwi kwa majina. Akacheka, akasema basi nitakula peke yangu kama bibi harusi aliyekimbiwa. Lenka akatafuna kadi moja. Sikumkataza haraka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama Piroška amepita mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza anatafuta ufagio. Mara ya pili anaurudisha. Mara ya tatu hana kitu mkononi. Akauliza, mwanangu Tijana, nasikia Jumamosi una shughuli? Nikasema aa, jambo dogo tu. Nikatabasamu nikanyamaza. Heshima tupu.

Akasema ana mbegu za mpopi nyingi, anaweza kuoka mkate wake mtamu, ila hajui amwokee nani. Nikasema hakika atapatikana wa kuula. Akaenda zake.

Zuzana, mwalimu wa kuchora, Mslovakia, naye kauliza kama anahitajika Jumamosi au aende kwa mama yake. Nikamwambia hakuna anayemshika. Sikutaka ajione analazimishwa.

Mambo yanakwenda vizuri mno.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sarma mia na ishirini! Nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi chachu, nimekunja moja moja, vidole vinanuka siki. Lenka alikunja tatu. Moja ina kifungo ndani, sijui ipi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa nne asubuhi. Mshumaa unawaka. Mlango wazi. Viti thelathini. Hakuna mtu.

Saa tano. Hakuna mtu. Vicheko vinatoka maktaba.

Saa sita. Lenka anavihesabu viti kwa Kihungari. Anafika kumi, anaanza upya.

Saa saba mkuu kaingia, Zlata nyuma yake na futi ya kupimia, ili mashine ipate nafasi yake. Mkuu akauliza nilimwalika nani. Nikajibu kwa fahari, hata mmoja! Zlata alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndipo Mama Piroška akatokea, mkate wa mpopi kwenye sinia, anatafuta kisu. Akagota kwenye kizingiti. Hakuingia. Akaniuliza palepale, mbele ya watu, nimekukosea nini? Wiki nzima napita hapa nangoja neno moja! Kwetu mtu haendi asikoitwa. Nikajua meza yako haitaki Wahungari.

Mimi? Nikamwambia mimi ndiye niliyedhani amenidharau, mlango wazi tangu asubuhi!

Mkuu akainama, akachomoa kile kitabu chini ya meza. Sufuria ikateleza, nikaidaka. Akafungua ukurasa wa mialiko ya Kihungari, akausoma, akanitazama kama daktari.

Mama Piroška akasema, basi niite sasa. Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, nimtukane mbele ya watu? Nilimwona marehemu nyanya yangu akinikunjia uso. Futi ya Zlata imeshafika ukutani. Ngazi zangu nikaanza kuzihesabu.

Lenka akamwita. Kwa Kihungari, kwa neno analotumia kumwita paka wa chuo. Na mkono juu.

Mama Piroška akaingia. Akamketisha Lenka pajani, akachungulia sufuria, kisha akatoka kwenye korido akapiga kelele kwa lugha tatu kwamba huku kuna sarma. Maktaba ikahamia kwangu. Hata Zuzana, aliyekuja na mama yake. Mkuu akahesabu watu arobaini na mmoja, Warusini sita. Chumba kimebaki chetu mpaka kiangazi.

Kifungo kilimwangukia Zlata. Sikuomba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkuu anataka siku nyingine ya wageni, Desemba. Kanisihi kwa upole, mama Lenka, safari hii wapelekee watu kadi. Nikaitikia.

Nimekaa nimefikiri. Zlata aliwaita wote, amebaki na vikombe vichafu. Mimi sikumwita yeyote, wakaja arobaini na mmoja. Mtoto ndiye aliyeita, na mtoto hahesabiki. Ushahidi upo wazi.

Nimeanza orodha ya watu sitini wasioalikwa. Kitabu kimerudi chini ya mguu wa meza.

Mama Piroška kapita na ufagio, kauliza Desemba kuna nini.

Jambo dogo tu, nikamwambia.