Malalamiko Juu ya Mgeni Uliyemweka Ndani ya Kompyuta Yangu

Kwako Shemeji, fundi wa kompyuta na mume wa dada yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana si ya kusomwa kwa kusimama. Naandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta bado inalitafakari neno "Kwako" nililolichapa kabla ya chai.

Utakumbuka kwamba programu yangu ya kuchorea nembo za kudarizi ni ya kizamani, na kompyuta mpya iliikataa katakata. Ukaja, ukasogeza cherehani yangu pembeni, ukaniwekea kompyuta ya pili, ya kufikirika, ndani ya ile ya kwanza, ili programu yangu iishi humo. Ukasema, "Shemeji, huyu ni mgeni tu. Hata hutamsikia." Kweli simsikii. Wala simwoni akifanya kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni anakula kuliko mwenyeji. Kompyuta ina memori ya giga nane. Nilipokupigia simu kwamba anajikokota, ulisema, "Mwongezee." Nikampa sita. Mwenyeji akabaki na mbili, akazimia, na mgeni aliye tumboni mwake akazimia naye. Ukasema, "Basi mpunguzie." Shemeji, hayo ni matibabu au bembea?

2. Uliniambia programu ya kuua virusi inampekua mgeni kila akipumua, niiambie imwache. Nikaiambia. Ukaniambia diski imejaa, nifute vitu visivyo na kazi. Nikafuta picha zote za harusi yenu. Kasi haikuongezeka, ila sasa nina siri ninayomficha dada yangu.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Timu ya mpira ya wauza matunda iliagiza jezi zenye neno HATUSHINDWI kifuani. Nikachapa, mgeni akaganda, kisha herufi zikaanza kuja moja moja kama wagonjwa wanaoitwa kwa daktari. W haikuitikia. Nami sikuligundua pengo, mashine ikadarizi jezi zote. Timu ikaingia uwanjani, mbele ya wake na wakwe, imeandikwa HATUSHINDI, na ikatimiza ahadi: ilifungwa manne bila. Nahodha alinijia dukani na jezi mkononi, jasho halijakauka. "Mama Nembo," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "hata refa alicheka." Nilitamani kujificha ndani ya kabati la nyuzi.

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote za ushemeji, umtoe mgeni huyu, au uje ukae naye mwenyewe hapa dukani ukimsukuma. Ukishindwa yote mawili, dada atarudi nyumbani hadi kasi nayo irudi. Mama mkwe wako ameshatandika kitanda.

Wasalimie watoto, wajomba, na jirani yenu wa ghorofani mwenye kikohozi. Dada mwambie nampenda, mengine usimwambie.

Ni mimi shemeji yako, niliyechoka kungoja,
Mdarizi

N.B. Ukija, nifundishe pia namna ya kumzima. Ile nakala yake uliyoniachia kama akiba, niliiwasha mgeni alipozubaa, ili imsaidie. Nayo ilipozubaa, nikainakili na kuwasha nyingine, kisha nyingine. Sasa wako wanne humo ndani, na hakuna aliyewahi kuzimwa tangu uondoke. Wa tano namwasha sasa hivi. Huenda wanachokosa ni msimamizi.